Gundi ya waya wa meno: tone dogo, safari ndefu

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI wa ukurasa huu amezoea kukuta habari za mahindi na maharage ya Ufipa, na za migebuka na dagaa wanaopanda lori Kirando kwenda Sumbawanga, Mbeya na Tunduma. Wiki hii tunaangalia bidhaa ambayo haipimwi kwa gunia, debe wala tenga. Inapimwa kwa gramu, inauzwa ndani ya bomba dogo la sindano, na tone lake moja halizidi punje ya dengu. Ni gundi inayotumiwa na madaktari wa meno kushikiza waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele, baada ya mgonjwa kuvuliwa waya za kunyoosha meno.

Huenda mtu akauliza, habari hiyo inamhusu nini mfanyabiashara wa mwambao wa Ziwa Tanganyika? Inamhusu kwa sababu ya fedha. Wazazi wenye uwezo katika mikoa ya pembezoni, wakiwamo wauza samaki, wenye maboti na watumishi, huwapeleka watoto wao mijini kunyooshwa meno. Matibabu hayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili au zaidi, na hulipwa kidogo kidogo. Siku waya zinapovuliwa mzazi hudhani hesabu imefungwa. Hesabu haijafungwa. Mtaji wote ule, kuanzia siku hiyo, unashikiliwa na matone sita ya gundi.

Uchunguzi wetu wa bidhaa hiyo umetufikisha kwenye jambo moja ambalo ni vyema mnunuzi, muuzaji na mganga wakalijua mapema. Kwa mgonjwa wa Kirando, gundi bora si ile yenye jina kubwa kuliko zote wala ile ya bei ya juu. Gundi bora ni ile ambayo, ikibanduka, inaweza kurudishwa mahali pake katika kliniki iliyo karibu naye.

MENO HUKUMBUKA KWAO

Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye mbao. Limening'inizwa ndani ya tundu lake kwa nyuzinyuzi za nyama. Linaposukumwa na waya za kunyoosha, mfupa humeguka upande mmoja na kujengeka upande wa pili, na zile nyuzinyuzi hunyooka. Mfupa hutulia baada ya miezi michache, lakini nyuzi zilizo karibu na shingo ya jino huchelewa sana, nyingine karibu mwaka mzima, na muda wote huo huvuta jino lirudi lilikotoka. Aidha, hata mtu ambaye hakuwahi kunyooshwa meno, meno yake ya mbele ya chini husongamana kadiri umri unavyokwenda.

Ndiyo sababu ya kuwekwa waya wa kushikilia. Huwekwa upande wa ulimi, mara nyingi kwenye meno sita ya mbele ya chini, kutoka chonge hadi chonge. Waya unaotumika zaidi ni wa chuma kisichoshika kutu, uliosokotwa kwa nyuzi kadhaa kama kamba, wenye unene wa kati ya milimeta 0.44 na 0.55. Umesokotwa makusudi: kamba hukubali kupinda kidogo jino linapotikisika wakati wa kutafuna, na mikunjo yake huipa gundi mahali pa kukamata.

Waya wa namna hiyo si mpya. Mtaalamu wa Norway, Bjørn Zachrisson, aliandika juu ya kuugandisha moja kwa moja kwenye meno mwaka 1977. Kazi yake ilitanguliwa na mbili nyingine zilizofungua soko lote la gundi za meno. Mwaka 1955 Mmarekani Michael Buonocore alionyesha kuwa ukilipaka jino asidi ya fosfori kwa muda mfupi, uso wake laini hugeuka kuwa na vinyweleo ambavyo plastiki huweza kuviingia na kushika. Mwaka 1962 Mmarekani mwenzake, Rafael Bowen, alipata hataza ya rezini ambayo mpaka leo ni uti wa mgongo wa vijazio vingi vya rangi ya jino.

FUNDI WA BOTI ANALIJUA HILI

Kazi yenyewe si ya miujiza. Daktari husafisha nyuma ya meno, akaondoa ukoga na ugaga. Hupaka asidi ya fosfori yenye nguvu ya asilimia 37 hivi kwa sekunde 15 hadi 30, akaosha kwa maji mengi, akakausha mpaka jino liwe jeupe kama chokaa. Hupaka utangulizi mwepesi, huweka waya ukiwa umetulia bila kulazimishwa, kisha hutia tone la gundi juu yake kwenye kila jino na kulimulika kwa taa ya mwanga wa buluu mpaka ligande.

Sehemu ngumu ni ukavu. Nyuma ya meno ya chini ndiko mate yanakotoka, na ulimi haukai tuli. Mate kidogo yakigusa jino baada ya asidi, vile vinyweleo huziba na kazi yote huharibika. Fundi wa boti pale Kirando hahitaji kusomea udaktari ili aelewe. Mbao yenye maji haishiki rangi wala gundi, hata kama kopo limetoka Ulaya.

Jambo la pili ni waya kutulia. Ukilazimishwa kwa kidole wakati gundi inaganda, unabaki na mvuto ndani yake, na baada ya miezi kadhaa huweza kulisogeza jino ambalo ulikusudiwa kulilinda. Jambo la tatu ni kiasi. Tone likiwa dogo mno, chakula hulisugua mpaka waya ukatokeza. Likiwa kubwa mno, hukusanya ukoga na kumzuia mgonjwa kusafisha.

Sehemu kubwa ya kubanduka huanzia hapa, mikononi na mateni, kabla ya kufika kwenye jina la kiwanda.

BIDHAA ZILIZOPO SOKONI

Anayeingia kwenye duka la vifaa vya meno jijini Dar es Salaam, au anayesoma orodha za viwanda vya Marekani, Ujerumani, Japani, Korea, India na China, atakuta bidhaa za makundi matano.

Kundi la kwanza ni kompositi nzito zilizotengenezwa maalumu kwa waya wa kushikilia. Mfano unaofahamika ni Transbond LR, iliyotoka kwa kampuni ya 3M ya Marekani. (Biashara ya afya ya 3M, pamoja na bidhaa zake za meno, ilitengwa Aprili 2024 na kuwa kampuni inayojitegemea iitwayo Solventum.) Kompositi hizi zina chembe nyingi za kioo na silika ndani ya rezini, hivyo hustahimili msuguano wa chakula. Kasoro yake kwa mnunuzi wa mikoani ni kuwa ni bidhaa ya kazi moja. Kliniki inayoweka waya mmoja kwa miezi mitatu itaona bomba linaisha muda kabla ya kuisha dawa.

Kundi la pili ni kompositi nyepesi, zinazotiririka kama asali ya moto. Hujaa zenyewe kuzunguka waya, na kazi huenda haraka. Zile za zamani zilikuwa na chembe chache na zililika upesi. Za siku hizi nyingi zimeongezewa chembe. Faida yake kubwa kibiashara ni kuwa ndizo hizohizo zinazotumika kuziba matundu madogo ya meno. Kliniki ya kawaida inazo tayari.

Kundi la tatu ni kompositi zinazoganda zenyewe, bila taa, kwa kuchanganya sehemu mbili. Hizi ndizo zilizoanza, na bado zina nafasi pale umeme unapokatika au taa inapokufa. Hata hivyo, mchanganyiko huingiza mapovu ya hewa, na daktari hana muda wa kujiuliza mara mbili: ikianza kuganda haimsubiri.

Kundi la nne ni saruji ya glasi ayonoma, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent mwishoni mwa miaka ya 1960. Hii hushika jino yenyewe, huvumilia unyevu kuliko kompositi, na hutoa floridi. Kwa kuziba matundu na kubandika pete za magego imejijengea sifa. Kwa waya wa kushikilia, ambao hupigwa na chakula kila siku, mshiko wake kwa kawaida ni hafifu kuliko wa kompositi, hata zile aina zilizochanganywa na rezini. Tunaiweka akiba, kwa dharura ambapo ukavu haupatikani.

Kundi la tano ni utepe wa nyuzi za kioo unaozamishwa kwenye rezini badala ya waya wa chuma. Hauonekani, na anayeogopa chuma huupenda. Lakini ni mgumu, haufuati mtikisiko wa meno kama kamba ya chuma, na ukivunjika matengenezo yake ni kuanza upya.

Je, ipi mshindi? Wanaotarajia jibu la mkato watavunjika moyo. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2016, na marudio yake ya mwaka 2023, yaliyakusanya majaribio yaliyofanywa duniani kuhusu vifaa vya kushikilia meno, na yakakuta ushahidi mwingi ni dhaifu. Viwango vya kubanduka hutofautiana sana kati ya utafiti mmoja na mwingine, jambo linaloonyesha kuwa mkono wa daktari na tabia ya mgonjwa vina uzito kuliko jina kwenye bomba. Msomaji akiona tangazo la gundi "isiyobanduka kamwe", alichukulie kama tangazo la nyavu zisizochanika.

HESABU YA MTU WA KIRANDO

Tufanye hesabu, na tuifanye kwa siku badala ya shilingi, kwa kuwa nauli hupanda na kushuka lakini umbali haubadiliki.

Kirando iko ufukweni, wilayani Nkasi. Mtu akitoka huko hupanda milima hadi Namanyere, kisha hukata uwanda wa Ufipa mpaka Sumbawanga. Hiyo ni siku moja, hasa mvua zikiwa zimenyesha. Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ni kilometa zipatazo 224, barabara ambayo ilipowekwa lami kwa msaada wa Marekani ilibadili biashara yote ya Rukwa. Kutoka Tunduma, kupita Mbeya hadi Dar es Salaam, ni zaidi ya kilometa 900. Daktari bingwa wa kupanga meno hapatikani Kirando. Mabingwa wa fani hiyo nchini ni wachache, na wengi wao wako Dar es Salaam, ambako ndiko pia kilipo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, chenye shule ya meno.

Basi tuchukue mfano wa mama mmoja muuza migebuka, ambaye binti yake alivuliwa waya za kunyoosha jijini likizo iliyopita. Siku moja binti anauma muwa, na tone la gundi kwenye chonge ya kushoto linaachia. Waya bado umekaa, meno bado yamenyooka, na hakuna maumivu. Hapa ndipo hatari ilipo. Jino lililoachwa huru huanza kurudi polepole, na wenyewe wanakuja kugundua baada ya miezi.

Kumrudisha binti kwa daktari aliyemweka waya ni siku mbili hadi tatu za kwenda, siku moja ya kliniki, na nyingine mbili hadi tatu za kurudi. Wiki nzima, kwa watu wawili. Mama hayuko sokoni, binti hayuko darasani, kuna nauli nne na malazi. Vyote hivyo kwa ajili ya kazi ya nusu saa na gundi isiyofika hata sehemu ya kumi ya gramu. Asipokwenda, atapoteza polepole kile alicholipia miaka miwili.

Ongeza na hili. Kipato cha mwambao hakiji sawasawa mwaka mzima. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na kila aliyetegemea boti, tanga na tenga aliketi. Tone la gundi likibanduka katika miezi kama hiyo, safari ya Dar es Salaam haizungumziki.

Kwa hesabu hiyo, tofauti ya bei kati ya bomba la gundi ghali na la gundi ya kawaida haina maana yoyote kwa mama huyu. Gharama yake halisi ni umbali kati ya jino na mkono unaoweza kulirudishia gundi. Ukipunguza umbali huo, umepunguza bei.

DAWA IMEKWISHAFIKA KARIBU

Habari njema ni kuwa umbali huo unaweza kupungua bila kiwanda kipya wala bingwa mpya. Dunia inaondoka kwenye vijazio vya zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji ya glasi ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, kisha kompositi za rezini mwaka 2023. Maana yake sokoni ni kuwa kliniki zinazoziba meno zitazidi kuhitaji kuwa na asidi ya fosfori, utangulizi, kompositi na taa ya buluu.

Tazama tena orodha hiyo. Ndiyo orodha nzima ya kurudishia tone lililobanduka. Kinachopungua ni maelekezo, na labda kipande cha waya. Daktari au tabibu wa meno aliyezoea kuziba tundu kwa kompositi katika mji wa Sumbawanga ana karibu kila kitu anachohitaji kumhudumia binti wa mfano wetu, na kumpunguzia wiki nzima ya safari kuwa siku mbili. Kupanga meno upya ni kazi ya bingwa. Kurudishia tone moja kwenye waya uliotulia, jino likiwa bado halijahama, si lazima iwe ya bingwa, mradi awasiliane na aliyeuweka.

Nchi hii haingii ugenini katika kufikiri namna hiyo. Katikati ya miaka ya 1980, shule ya meno ya Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, ilianza kujaribu njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono tu, bila umeme wala mashine ya kuchimba, kwa ajili ya watu wa mbali na mji. Njia hiyo, ambayo baadaye ilitumia glasi ayonoma, ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 na sasa inajulikana ulimwenguni. Somo lake ni kuchagua dawa kwa kuangalia mahali itakapotumika.

JOTO, TAREHE NA MWANGA

Wanaofikiria kuingia kwenye biashara hii, au kliniki zinazoagiza kwa mara ya kwanza, wazingatie kuwa gundi ya meno ni bidhaa inayooza kimyakimya. Viwanda vingi huagiza itunzwe mahali pa baridi, chini ya nyuzi 25 za Sentigredi au kwenye jokofu, na muda wake wa matumizi kwa kawaida ni miaka miwili au mitatu tangu kutengenezwa. Ghala la bati la Dar es Salaam halina nyuzi 25. Wala buti ya basi lililosimama juani Tunduma. Baridi ya Sumbawanga ni rafiki wa gundi. Joto la ufukweni Kirando si rafiki.

Kwanza, anayenunua aangalie tarehe ya mwisho kwenye bomba lenyewe, si kwenye boksi tu. Pili, ahakikishe bidhaa imekubaliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na kwamba muuzaji anatoa risiti yenye namba ya toleo. Tatu, anunue mabomba madogo. Bomba la gramu mbili ambalo litaisha ni rahisi kuliko la gramu nne litakalotupwa nusu. Kliniki mbili za mji mmoja zinaweza kuagiza pamoja na kugawana. Nne, bomba likitoka kwenye jokofu liachwe lipate joto la chumba kabla ya kutumika, na kifuniko kirudishwe mara moja, kwani hata mwanga wa dirishani huigandisha taratibu.

Taa nayo ni bidhaa. Zile za zamani za halojeni hutaka umeme wa ukutani, na balbu yake huchoka bila kuonyesha dalili: inawaka lakini haigandishi ndani. Za ledi zenye betri ya kuchaji zinafaa zaidi kwa mikoa yetu. Jaribio rahisi ni kuweka gundi unene wa milimeta mbili juu ya karatasi ya plastiki, kuimulika kwa muda ulioandikwa na kiwanda, kisha kuukwaruza upande wa chini. Ukiwa laini, taa ni mbovu au gundi imekufa. Heri ujue hapo mezani kuliko mdomoni mwa mtu.

Kuna angalizo jingine kwa madaktari. Mgonjwa aliyekulia Arusha au Kilimanjaro, ambako baadhi ya maji yana floridi nyingi, huweza kuwa na meno ya madoa ya kahawia. Uso wa meno hayo huikataa asidi kuliko kawaida, na gundi hushika kwa shida. Watu wanahama, na meno yao yanahama nao. Muulize mgonjwa alikulia wapi kabla hujailaumu gundi.

MZAZI AFANYE NINI?

Kabla ya waya za kunyoosha kuvuliwa, mzazi wa mbali amwombe daktari mambo manne.

Moja, barua yenye tarehe, aina ya gundi, unene wa waya na meno yaliyobandikwa, pamoja na picha ya meno yalivyo siku hiyo. Barua hiyo ndiyo hati ya mali. Mganga wa Sumbawanga akiwa nayo hahitaji kubahatisha.

Mbili, kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku, hata kama waya umewekwa. Tone likibanduka, kifaa hicho hushikilia meno mpaka matengenezo yafanyike. Kwa mtu wa karibu ni ziada. Kwa mtu wa Kirando ni bima.

Tatu, waya uwekwe mapema kidogo, mgonjwa akiwa bado ana miadi ya mwisho. Utafiti mwingi unaonyesha kuwa kubanduka hutokea zaidi katika miezi sita ya mwanzo. Kasoro za mwanzo zijitokeze wakati safari ingali kwenye ratiba.

Nne, jina la kliniki iliyo karibu na kwake ambayo daktari yuko tayari kuwasiliana nayo kwa simu.

Nyumbani, mgonjwa ajifunze kukagua waya mwenyewe mara moja kwa wiki. Apitishe ncha ya ulimi na ukucha safi juu ya kila tone, na aangalie kwa kioo kidogo. Tone linalocheza, ncha ya waya inayochoma ulimi, au pengo jipya kati ya meno ni sababu ya kusafiri mapema. Meno ya mbele yasitumike kumenya muwa, kung'ata mahindi ya kuchoma wala kufungua soda. Ugali na migebuka havina ugomvi na waya, ila mifupa isivunjwe kwa meno ya mbele. Kusafisha chini ya waya ni lazima, kwani ugaga ukijaa hapo fizi huvimba na tone hufunikwa lisionekane.

Jambo la mwisho ni onyo. Gundi kali za dukani, zinazounganisha viatu na vikombe, zisiingie mdomoni kwa hali yoyote. Huunguza fizi, hazikutengenezwa kwa mate, na hugandisha waya ukiwa umepinda, hivyo jino hushikiliwa mahali pabaya. Anayeokoa nauli kwa njia hiyo hulipa mara mbili.

USHAURI WA SOKO KWA WIKI HII

Nunua: kompositi nyepesi yenye chembe nyingi, bomba dogo, ambayo kliniki pia itaitumia kuziba meno, asidi ya fosfori ya asilimia 37, taa ya ledi yenye betri, waya wa chuma wa kusokotwa, ambao hauozi.

Nunua ukiwa na wagonjwa wa kutosha: kompositi nzito maalumu kwa waya wa kushikilia.

Weka akiba: kompositi inayoganda bila taa, na glasi ayonoma, kwa siku ya dharura.

Subiri: utepe wa nyuzi za kioo, mpaka mji wako uwe na mtu wa kuutengeneza ukivunjika.

Epuka: bomba lisilo na tarehe, bidhaa isiyo na risiti, na bei ya chini isiyoelezeka.

Kwa wenye mtaji mdogo pale Sumbawanga, nafasi tunayoiona haiko kwenye kuuza gundi yenyewe, kwani soko lake ni dogo. Iko kwenye kliniki ambayo, pamoja na kuziba na kung'oa meno, itatangaza kuwa inarudishia waya uliobanduka na ina maelewano na bingwa wa Dar es Salaam au Mbeya. Wateja wake watatoka Kirando, Kipili, Namanyere, Laela na Mpanda, na hawatamuuliza bei ya tone la gundi. Watakuwa wameshaipiga hesabu ya safari.